Tembo la Matufaha na Mtoza Ushuru

Wako watu wasemao kwamba kileo kilichotengenezwa nyumbani ni sumu mpaka serikali ikipige muhuri. Usemi huo ni wa zamani, na mahali pazuri pa kuupima ni magharibi ya Uingereza, katika majimbo ya Devon na Herefordshire, ambako wakulima wamekamua matufaha kwa karne nyingi wakayafanya tembo.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Matufaha huoshwa, husagwa, kisha hukamuliwa. Na maji yake, mfano wa tembo la mnazi, hayangoji kuamriwa, kwani chachu iliyomo huanza mara moja kula sukari na kuigeuza kileo. Penye kutaka ujuzi ni katika kutia chupani. Mwenye subira hungoja mpaka uchachu utulie, akaongeza sukari kidogo kwa kipimo, akachagua chupa nene. Mwenye pupa hufungia ndani hewa isiyo na pa kutokea, na usiku mmoja ghala yake hulia kama bunduki. Elimu hii mkulima aliipata kwa baba yake na kwa jirani. Hakuletewa na karani.

Karani alileta jambo jingine. Mwaka 1763 serikali ya Lord Bute, ikitafuta fedha baada ya Vita vya Miaka Saba, ilitoza shilingi 4 kwa kila pipa kubwa la tembo hili, ikamtoza mtengenezaji mwenyewe, ikawapa watoza ushuru idhini ya kuingia majumbani mwa watu. William Pitt aliipinga Bungeni, wananchi wa magharibi wakafanya ghasia, na mwaka 1766 kodi ile ikafutwa.

Basi na waulizwe watetezi wa muhuri: katika miaka hiyo 3 ya kupekua mapipa, mtoza ushuru aligundua sumu gani? Hakugundua hata moja. Na sumu ilikuwapo! Watu wa Devon walikuwa wakishikwa na msokoto mkali wa tumbo, wengine wakapooza mikono. Aliyefumbua fumbo hilo ni tabibu, George Baker, mzaliwa wa jimbo lile lile, ambaye mwaka 1767 alionyesha kwamba ugonjwa ulitokana na risasi iliyotumika katika vinu na mashinikizo, ikaliwa na ukali wa maji ya matufaha. Tembo la Herefordshire alilipima pia, asiione risasi ndani yake. Wenyeji wa Devon, badala ya kumshukuru, walimshambulia. Kwa hiyo mkulima naye asijivune kupita kiasi, maana aliipenda biashara yake kuliko tumbo la mnywaji. Lakini kosa lilikuwa la chombo. Mkono wa nyumbani wa Herefordshire ulikuwa mkono wa nyumbani vile vile, na tembo lake lilikuwa safi.

Siku hizi Mwingereza aweza kujitengenezea tembo lake bila ushuru, maadamu haliuzi. Atakaye la dukani alipate lenye muhuri, na ajue anunuacho: kanuni za ushuru za nchi hiyo zaridhika na kinywaji chenye maji ya matufaha asilimia 35 tu, na bado kikaitwa kwa jina lile lile aliitalo mkulima aliyekamua matufaha matupu.