Msizime ulinzi wote kwa ajili ya fomu moja

Kuna jambo linalotusumbua kila Juni huku Kitale na Bungoma. Fomu ya Excel ya iTax, mfumo wa kodi wa KRA, hutumia makro (programu ndogo ndani ya faili), na tangu 2022 Microsoft huzuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, ikikaribia, foleni imefika mlangoni, mhudumu wa saiba anaruhusu makro zote, pengine anazima hata kinga ya virusi. Ya nini? Kabla ya kuifungua zip yenye fomu hiyo, ibofye kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, tia alama penye Unblock. Faili hiyo tu ndiyo inayoruhusiwa; flashi ya mteja anayefuata bado itakaguliwa. Jamani, kwenye kompyuta hizo watu huandika nywila zao za KRA na eCitizen!