Mtoto Akiuliza Habari za Mifupa ya Turkana

Wazazi huuliza: mtoto akirudi kutoka shuleni na habari za mifupa ya kale, ajibiwe nini?

Kwanza, asikemewe, mifupa ipo. Mwaka 1984, Mkenya Kamoya Kimeu aliokota huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, kipande cha kwanza cha mifupa ya mvulana aliyekadiriwa na wataalamu kuishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Nyonga na mapaja yake yaonyesha kuwa alitembea wima.

Pili, aonyeshwe dalili hizo mwilini mwake. Mtoto mchanga huzaliwa na mfupa wa paja ulionyooka. Ajifunzapo kutembea, mfupa huo huinamia ndani kuelekea gotini, uti wa mgongo hujipinda kiunoni, na unyayo uliokuwa bapa huinuka katikati. Ndipo aweza kusimamia mguu mmoja huku akiinua wa pili.

Tatu, apambanue mfupa wenyewe na nasaba inayojengwa juu yake. Mfupa twauona, na asili yetu twaamini ni Adam, alayhi salaam, aliyeumbwa kwa udongo. Swali lizimwalo nyumbani hutafuta jibu kwingine.

Wallahu a'lam.