Injini ya Mafuta Mawili Haitatuamulia
Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa kutofautisha uwezo na tendo. Tofauti hiyo inafaa pia kwa injini zinazokubali mafuta ya aina mbili, ambazo wengi wanazisifu kuwa daraja la kufikia nishati safi.

Tuitazame Brazili. Mwaka 1975 ilianzisha mpango wa Proálcool ili magari yatumie ethanoli ya miwa. Katika miaka ya 1980 magari mengi mapya yalitumia ethanoli peke yake. Ilipoadimika mwishoni mwa muongo huo, wenye magari walikwama na imani ikavunjika. Mwaka 2003 Volkswagen ikatoa Gol Total Flex. Katika tangi moja dereva anachanganya petroli na ethanoli apendavyo, na kompyuta ya gari inapima oksijeni iliyobaki katika moshi, kisha inarekebisha yenyewe mafuta yanayoingia.

Ufundi mzuri, hatubishi. Lakini lita ya ethanoli ina takribani asilimia 70 tu ya nishati ya lita ya petroli. Basi dereva hupiga hesabu kituoni: bei ya ethanoli ikipita asilimia 70 ya bei ya petroli, anajaza petroli. Hatumlaumu, ana watoto wa kulisha. Tunawalaumu wapanga kodi wanaotaka injini iwafanyie kazi yao.

Hapa kwetu, magari ya Dar es Salaam yanayofungwa mitungi ya gesi hubaki na tangi la petroli. Foleni ya gesi ikiwa ndefu, dereva hurudi kwenye petroli. Kwa hiyo tusihesabu magari yaliyofungwa mitungi tu. Tuhesabu na vituo vya kujazia.