Kaniki Sikuwapa

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, vijana watatu walisimama mbele ya meza yangu ya mitumba hapa sokoni Kakonko. Mmoja nilimtambua, mama yake tunasali kanisa moja. Wakaniamkia, nikaitikia, wakaeleza kilichowaleta. Wanapiga filamu. Wana simu moja yenye kamera nzuri, taa mbili za kuchaji, na hadithi ya kutisha waliyoiandika kwenye daftari la shule. Walitaka niwakodishe kaniki kuukuu ya kumvika bibi mchawi, na fulana nyeusi zenye mafuvu, nne hivi, za kuwavika wafuasi wa shetani.

Fulana ninazo. Fungua belo lolote la fulana za kiume, hukosi mbili tatu za namna hiyo: nyeusi tii, fuvu kifuani, jina la bendi limeandikwa kwa herufi zilizochongoka kama miiba ya mkonge. Kaniki ninazo pia. Sikuwapa. Walidhani nataka bei, wakapandisha. Nikawaambia warudi Jumatano, na siku zote hizi nimekuwa nikipanga maneno ya kuwaambia.

Wasidhani nachukia filamu za kutisha. Mume wangu alipofariki mwaka 2004 aliniachia watoto wawili, jenereta, televisheni ya inchi 21 na deki. Nikazungushia turubai ua wa nyuma, nikapanga mabenchi, nikaanza kuonyesha video kila jioni, mkubwa shilingi 100, mtoto 50. Mpaka leo kuna wanaume wenye ndevu wananiita Mama Video. Filamu za kivita zenye tafsiri ya Lufufu zilijaza ua, lakini zilizolipa mafuta ya jenereta ni za kutisha. Wanawake ambao hawakuwahi kuja kwa ajili ya Rambo walikuja kwa ajili ya Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Walikuja na watoto mgongoni, wakajifunika khanga usoni, wakachungulia kwa jicho moja. Filamu ikiisha hakuna aliyetaka kutangulia kutoka. Waliondoka kwa mafungu kuelekea makwao, wakiongea kwa sauti kubwa ili giza lijue wako wengi.

Starehe ile naiheshimu. Maskini naye ana haki ya kuogopa akiwa amekaa salama kwenye benchi, pembeni yake jirani, nje jenereta linaunguruma. Na wanaozibeza filamu hizi kwa sababu damu inaonekana ni rangi na sauti inakwaruza, hawajui zilikotoka. Mwaka 1992 kule Nigeria, Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage kwenye kanda za video, hadithi ya mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Filamu ile ya fedha kidogo ilifungua njia kwa tasnia nzima, na Bongo Movie yetu ikachota maji kwenye kisima hicho hicho.

Ila uhaba una tabia yake. Mwenye fedha anaunda dude, analipa mafundi wa kulitia macho na mkia. Asiye nazo anachukua mtu na kumvika nguo. Nguo ndiyo zimwi la bei ya chini kuliko yote, na ili itishe kwa haraka lazima iwe nguo ambayo watazamaji wameshaanza kuiogopa huko mtaani kabla hawajaingia kwenye kibanda. Hapo ndipo mimi muuza nguo ninapohusika.

Mwaka 2009 mchuuzi mmoja aliniletea kutoka Kahama DVD moja iliyosongwa filamu nyingi. Kati yake ilikuwemo ya Kimarekani iitwayo Goth, ya mwaka 2003, kazi ya Brad Sykes. Imepigwa kwa kamera ya video, na unaona wazi kuwa fedha hazikuwepo. Kijana na mpenzi wake wanakutana na dada aliyejipaka uso mweupe na wanja mzito, amevaa nyeusi juu hadi chini, naye anawakokota katika usiku mmoja wa mauaji. Niliionyesha mara tatu. Watazamaji wangu hawakuhitaji tafsiri. Walimtazama yule dada wakasema kwa Kiha, umurozi, mchawi, yakaisha.

Ilinichukua miaka kujua kwamba watu wale wapo kweli. Mwanangu aliponinunulia simu ya kupapasa nilianza kutafuta maana ya fulana ninazouza, maana mteja huuliza, na mimi sipendi kuuza kitu nisichokijua. Wagothi ni vijana waliotokea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1979 bendi ya Bauhaus ilitoa wimbo kuhusu Bela Lugosi, yule mwigizaji aliyecheza Dracula mwaka 1931 na kuzikwa mwaka 1956 akiwa amevaa joho la Dracula. Mwaka 1982 wakapata klabu yao London, Batcave. Wanavaa nyeusi, wanapenda mashairi ya huzuni, wanatembelea makaburi ya kale. Yaani ni watoto wa filamu za kutisha. Walizipenda mno hata wakazivaa mwilini. Na filamu za kutisha za bei rahisi zikawalipa kwa kuwafanya wauaji, kwa kuwa walishajishonea wenyewe mavazi ambayo mtengeneza filamu asiye na fedha angeyahitaji.

Mtu atasema ni michezo tu. Lakini nguo nyeusi zimewaponza watu wa kweli. Mwaka 1993, mji wa West Memphis, jimbo la Arkansas, watoto watatu wa miaka minane waliuawa. Wakakamatwa vijana watatu, mkubwa wao Damien Echols, miaka 18. Mahakamani zikatajwa nguo zake nyeusi, vitabu alivyosoma, muziki aliosikiliza. Akahukumiwa kifo, wenzake kifungo cha maisha. Walitoka Agosti 2011, baada ya miaka 18, kwa makubaliano na waendesha mashtaka, huku wakishikilia kuwa hawakuua. Na huko Bacup, Uingereza, Agosti 2007, binti wa miaka 20, Sophie Lancaster, alipigwa na kundi la vijana kwenye bustani ya umma akiwa amempakata mpenzi wake aliyekuwa ameshaangushwa chini. Alikufa siku 13 baadaye. Kosa lao wawili lilikuwa mavazi. Nilipoisoma habari yake nilifunga meza mapema siku ile, nikaenda nyumbani.

Nilienda nyumbani kwa sababu nilikuwa na wangu wa kumkumbuka. Habari yake inaanzia kwenye msiba mwingine: mwigizaji wetu Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, nchi nzima ilimlia. Lakini kabla hata machozi hayajakauka, watu wakaanza kunong'ona kwamba alikuwa Freemason, yaani kwao mtu anayetoa kafara ya damu ili apate mali, na ushahidi wao ulikuwa filamu: si aliigiza Devil Kingdom na yule Mnigeria, Ramsey Nouah? Mtu ameigiza, wao wakasema ameungama. Miezi ile neno Freemason lilikuwa kila mahali, kwenye daladala, kwenye saluni, hadi huku kwetu. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi wa pikipiki alikuwa amenunua kwangu fulana nyeusi yenye fuvu, kwa shilingi 1,500. Aliipenda, akaivaa kila siku. Siku ya gulio wakamzunguka, wakamchania fulana mwilini, wakamuuliza simu aliyonayo ameipata kwa damu ya nani. Hakuwa na jibu la kuwaridhisha. Basi wakajijibu wenyewe: amepewa na bibi yake.

Bibi yake alikuwa mteja wangu. Macho mekundu, mgongo umepinda, kaniki kiunoni. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu ya miaka 60 ya kupuliza kuni mbichi kwenye mafiga. Kaniki aliivaa kwa sababu ndiyo nguo ya shamba, haionyeshi udongo na haichakai upesi. Lakini watoto waliorusha mawe kwenye bati lake walikuwa wamemwona bibi wa sura hiyo hiyo mara ngapi? Na walimwona wapi? Kwenye ua wangu, kwa shilingi 50. Tazama filamu zetu za uchawi, uhesabu mwenyewe ni mara ngapi mchawi ni bibi kizee wa kijijini mwenye nguo nyeusi. Yule mama alihamia kwa binti yake mbali na hapa, na sikumwona tena. Mwaka uliofuata nikaacha kuonyesha video. Niliwaambia watu kwamba kila nyumba sasa ina deki, na ni kweli ilikuwa hivyo, lakini sababu kubwa niliibakiza moyoni.

Alihama akiwa hai, na kwa hapa kwetu hiyo ni bahati. Oktoba 2014, kijijini Murufiti, Kasulu, watu 7 waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Wengine walikatwa mapanga, wengine walichomwa moto. Watano kati yao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Polisi wakakamata watu 23, na mganga wa hapo hapo alikuwa mmoja wao. Murufiti ni mkoa huu huu wetu wa Kigoma.

Na wakazi wa Kigoma wanawajua kamchape, wale wanaoingia kijijini na ngoma zao na kudai wanafichua wachawi. Nimewahi kuwatazama wakifanya kazi. Kundi linaingizwa kwenye nyumba ya mtu, mara anatoka mmoja ameshika pembe, kitambaa cheusi, mfupa umefungwa uzi mwekundu. Watu wanapiga mayowe. Mimi niliyeonyesha video miaka minane nilikitambua kile kitambaa. Ni vifaa vya kuigizia vilivyoletwa mfukoni, na mwigizaji mkuu ni mama mzee ambaye hakuulizwa kama anataka kuigiza. Mkishamaliza kutazama analipishwa fedha, au anahama, au yanatokea ya Murufiti.

Sasa narudi kwa vijana wangu. Najua watakachosema: mama, hatuna fedha, tufanyeje? Nataka niwaambie kuhusu filamu mbili.

Ya kwanza ni Night of the Living Dead ya mwaka 1968. George Romero na rafiki zake wa Pittsburgh waliipiga kwa dola zipatazo 114,000, nyeusi na nyeupe, sehemu kubwa ndani ya nyumba moja ya shamba. Wafu wanaamka na kula watu. Wafu wale wamevaa nini? Suti, magauni, nguo za kulalia. Ni majirani. Na anayenusurika usiku kucha, Ben, aliyechezwa na Duane Jones, mtu mweusi, asubuhi anasogea dirishani na kupigwa risasi na kundi la wanaume wenye bunduki waliokuja kusafisha eneo. Hawamuulizi jina. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara, wale wafu hawanitishi kama wanaume wale wanaotembea kwa furaha asubuhi na mapema kwenye nyasi. Nikiwatazama naiona Murufiti.

Ya pili ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Vijana watatu na kamera wanapotea msituni. Ni filamu ya mchawi, imeitwa kwa jina la mchawi, na kuipiga hakukufika dola 100,000, lakini iliingiza karibu dola milioni 250. Mchawi haonekani hata mara moja. Hakuna bibi, hakuna nguo nyeusi. Kuna sauti usiku, vijiti vilivyofungwa vikaning'inizwa mitini, na watu watatu wanaoanza kuchukiana. Sisi tuna misitu upande wote wa Moyowosi. Tuna ukungu wa asubuhi juu ya migomba, tuna fisi, tuna usiku ambao mtu wa Dar es Salaam hajawahi kuuona. Vyote hivyo havikodishwi.

Mwenzangu wa meza ya viatu aliponisikia nikiyasema haya alinipinga. Alisema watu wanaamini uchawi tangu enzi za Waha wa kale wa Buyungu na Muhambwe, kabla ya video, kabla ya Mjerumani, na kwamba sheria ya uchawi iliyopo ilitungwa na Mwingereza mwaka 1928, wakati hakuna aliyekuwa na deki hapa. Yuko sahihi, na sikubishana naye kuhusu hilo. Filamu haikuuleta woga. Ila woga ulikuwa hauna sura moja. Babu zetu walisimulia mchawi anayeweza kuwa yeyote, hata mwanaume kijana, hata tajiri, hata mtu wa ukoo wako mnayekula naye sahani moja. Skrini imemchagua mmoja, maskini kuliko wote, asiye na mume wala mtoto wa kiume wa kumtetea, na inamwonyesha kila jioni mpaka mtoto wa miaka saba anamtambua njiani.

Kwa hiyo Jumatano wakija nitawaonyesha nilichowatengea. Ni shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi, na suruali ya kitambaa yenye mkunjo uliokaa sawasawa. Mavazi ya mtu anayeheshimika, anayepewa kiti cha mbele kwenye mkutano wa kijiji. Muuaji wenu avae haya. Bibi mpeni gauni la maua, na mumuache aishi hadi mwisho wa filamu. Fulana za mafuvu nitawapa zote nne, bure, kwa sharti moja: waliozivaa wawe ndio wanaombeba yule bibi usiku kumvusha mto.

Wakikataa, nguo wataipata kwa mwingine, soko ni kubwa. Wakikubali, jenereta la marehemu lipo nyuma ya nyumba. Jana nilisafisha plagi na kuweka oili mpya, nikavuta kamba mara nne, likawaka.