Bunduki ya kwanza Same iwe ya upepo, na iwe ya klabu

Penalti inapigwa kutoka mita 11, lango lina upana wa mita 7.32, na bado kila wikiendi kuna mtu anapaisha. Kwenye kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, mchezaji anasimama mita 10 tu, lakini katikati ya karatasi kuna kidoti cha nusu milimita. Anapiga mara 60 ndani ya saa moja na robo, na hakuna beki wa kumlaumu.

Mchezo huu upo Olimpiki tangu Los Angeles 1984. India, nchi ya watu zaidi ya bilioni moja, ilipata dhahabu yake ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja kupitia mchezo huohuo, Beijing 2008, kwa Abhinav Bindra. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, fedha za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Nchi yenye kabati jepesi hivyo haina sababu ya kuuchekea mchezo wowote.

Kijana wa Same au wa huko juu milimani akitaka kujaribu, swali la kwanza ni bunduki gani. Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanaiwazia ya risasi za moto, kaliba ya .22, kwa sababu "ndiyo bunduki yenyewe". Kweli, .22 ni ya michezo, na hutumika kwenye shabaha ya mita 50, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Lakini risasi yake ikikosa shabaha inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kwenye tambarare za Same, ndani ya kilomita moja kuna mbuzi, mchungaji, na barabara kuu ya Moshi kwenda Dar es Salaam. Bila uwanja maalumu wenye tuta refu la udongo nyuma, hiyo sio burudani.

Bunduki ya upepo ya kaliba ya 4.5 mm ndiyo mahali pa kuanzia. Haitumii baruti, vijirisasi vyake ni vya bei ndogo, na mita 10 zinaenea ndani ya bwalo la shule, nje ya upepo na jua. Bado inaweza kutoboa jicho, kwa hiyo sio mdoli. Miwani ya kukinga macho ni lazima, mtutu unaangalia shabaha muda wote, kidole hakigusi kifyatulio mpaka mchezaji awe tayari, na mikono inanawiwa baada ya kushika vijirisasi vya madini ya risasi.

Kati ya bunduki za upepo zenyewe, ya springi inatosha kwa anayeanza. Inavunjwa mtutu, inajazwa, inapigwa, basi. Ile ya mtungi wa hewa imetulia zaidi mkononi, lakini inataka pampu ya kuijaza kila mara, na pampu ikiharibika mazoezi yamekwisha. Mnunuzi aangalie kitako kiendane na urefu wa mkono wa mchezaji, uzito ambao kijana anaweza kuushikilia bila kutetemeka, na kilengeo cha tundu badala ya darubini, maana kwenye mashindano ya mita 10 darubini hairuhusiwi. Vijirisasi viwe vya kichwa bapa, vinavyokata karatasi tundu safi ili refa asibishane na mtu.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani, na Same sio wilaya ya kufanyia majaribio. Inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, nyumbani kwa faru weusi na mbwa mwitu. Mtu akionekana na bunduki njiani, hakuna atakayeanza kufikiria michezo. Kwa hiyo safari ianzie serikali ya kijiji na polisi wa wilaya kabla hela haijatoka mfukoni, hata kama ni ya upepo. Na Upare una historia ndefu ya uhunzi, Washana wa Ugweno walijulikana kwa chuma, lakini gobole la kienyeji halina nafasi kwenye mchezo huu.

Ndiyo maana bunduki ya kwanza isiwe ya mtu. Iwe ya klabu, ifungiwe kwenye kabati la chuma, vijirisasi vifungiwe kwingine, na funguo zishikwe na mtu mzima anayejulikana. Bunduki iliyolala chini ya kitanda ni ajali inayosubiri mtoto wa nyumba, na ajali moja tu itaufunga mchezo wilaya nzima.

Wapo watakaosema hela hiyo inunue mipira na nyavu. Hoja hiyo ina uzito, viwanja vingi vya mchangani havina hata nyavu. Lakini mpira mmoja unachezewa na watu 22, na bunduki moja ya klabu nayo inaweza kupokezana watu wengi mchana mmoja. Watoto wanaodondosha embe kwa manati wana jicho tayari. Kilichobaki ni mwalimu, karatasi na ukuta.

Ofisa michezo wa wilaya, polisi na wakuu wa shule wakae meza moja, wakubaliane bwalo moja, kabati moja na msimamizi mmoja. Baraza la Michezo la Taifa liwape mwongozo. Bunduki ndiyo inunuliwe mwisho, baada ya hayo yote kuwa tayari.