KAUSHA DAMU YA SIMUNI: NANI KAWAACHIA?

Kijana wa bodaboda anaanguka usiku Buguruni. Hospitali wanataka fedha kwanza, mfukoni ana elfu nne. Anabonyeza simu, mara elfu hamsini imeingia. Amepona? Thubutu! Baada ya siku saba anadaiwa 65,000. Akichelewa kidogo, ujumbe wa kumwita tapeli unakwenda kwa bosi wake, kwa jirani, hata kwa mama mkwe.

Vijana wenzangu, tupige hesabu. Kwa kanuni za Benki Kuu, mkopeshaji mdogo mwenye leseni hatakiwi kutoza riba inayozidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa elfu hamsini hiyo ni shilingi 1,750. Huyu wa simuni kachukua 15,000 kwa wiki moja! Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Sawa, tunapokea. Lakini Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya mwaka 2018. Miaka yote hiyo walalahoi wakinyonywa, wenye meno walikuwa wapi?

Na mikopo ya halali je? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne ikiwa ya vijana, bila riba. Vikundi hewa vikazila, hadi Aprili 2023 serikali yenyewe ikasimamisha utaratibu mzima. Ukarudi 2024. Waliokula ni wajanja, aliyeadhibiwa ni kijana asiye na kitu.

Hata hivyo tusijidanganye, lawama nyingine ni zetu. Wapo wanaokopa ili waweke mkeka wa mpira. Wapo wanaokopa huku wakalipe kule, deni linahama mfuko tu. Kama hela ya mkopo haiendi kuzaa hela nyingine, iache. Na kabla ya kubonyeza usiulize utapata ngapi, uliza utarudisha ngapi na lini.

Halafu kibubu. Mtacheka, lakini elfu moja kila siku ni 365,000 kwa mwaka. Yule wa Buguruni asingekopa. Siku mbaya weka mia mbili, ilimradi usivunje. Usiiache kwenye simu ambako mkeka unaiona. Peleka kwenye VICOBA au SACCOS mnayofahamiana. Na hiyo ni ya ugonjwa, msiba na kuharibikiwa chombo, si ya kiatu kipya.

Nasema haya kwa sababu ya siasa pia. Wapambe wa chama tawala wanamjua vizuri kijana mwenye madeni. Ikifika kampeni, kofia, fulana na elfu tano vinamtosha, na mdomo unafungwa miaka mitano. Mwenye akiba yake atawarudishia fulana yao.

Basi mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Mwulizeni diwani mbele ya watu: ile asilimia nne ya mwaka huu wamepewa kina nani, na orodha ya majina imebandikwa wapi?