Mustakabali wa gesi asilia ya kusini mwa Tanzania

Gesi asilia ya kusini mwa Tanzania ni gesi inayopatikana katika mikoa ya Lindi na Mtwara pamoja na bahari iliyo mbele yake. Kwa hesabu za serikali, gesi yote iliyogunduliwa nchini ni futi za ujazo trilioni 57.54. Takriban trilioni 47 kati ya hizo ziko chini ya bahari yenye kina kirefu na hazijaanza kuchimbwa. Gesi inayotumika leo kuzalisha umeme na kuchoma saruji hutoka kwenye sehemu ndogo iliyobaki, iliyoko nchi kavu na kwenye maji mafupi ya pwani.

Habari za gesi hii huelezwa mara nyingi kwa matrilioni hayo. Historia yake inaonyesha jambo lingine: tangu kisima cha kwanza mwaka 1974, gesi haijawahi kuwa ndiyo inayokosekana. Kinachokosekana ni mnunuzi aliyetia saini ya kuinunua kwa miaka mingi, kwa bei inayolipa gharama za kuitoa. Kwa hiyo anayetaka kujua mustakabali wake atazame zaidi mikataba kuliko ramani za vitalu.

Namna ya kusoma takwimu

Trilioni 57.54 ni gesi iliyomo ndani ya miamba, si gesi inayoweza kutolewa yote. Sehemu fulani hubaki chini daima, na sehemu nyingine haichimbwi kwa sababu gharama inazidi bei. Wanafunzi wengi huandika kwenye mitihani kwamba Tanzania "ina akiba" ya kiasi hicho. Ni afadhali waandike "imegundua".

Gesi ya kina kirefu ilianza kugunduliwa mwaka 2010 katika kisima cha Pweza. Baadaye zikafuata Chewa, Chaza, Jodari na Mzia katika vitalu namba 1 na 4, ambavyo sasa vinaendeshwa na Shell, kisha Zafarani, Lavani, Tangawizi na Piri katika kitalu namba 2 cha Equinor ya Norwei (zamani Statoil) na ExxonMobil ya Marekani. Msomaji ataona kwamba kampuni moja ilipita sokoni upande wa samaki na nyingine upande wa viungo. Majina hayo ya jikoni yasimdanganye mtu kuhusu ugumu wa kazi: baadhi ya visima viko kilomita 100 hivi kutoka ufukweni, kwenye maji ya kina cha zaidi ya mita 2,000.

Miaka thelathini ya kusubiri

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa na kampuni ya Italia ya Agip mwaka 1974. Kampuni hiyohiyo iligundua gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Agip ilikuwa inatafuta mafuta, na gesi wakati huo ilionekana haina biashara kwa nchi yenye viwanda vichache. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) liliendelea kuchimba visima vya uhakiki. Miaka ya 1980 ukaandaliwa mradi wa kiwanda cha amonia na mbolea ya urea huko Kilwa, uliojulikana kama Kilamco. Fedha hazikupatikana na kiwanda hakikujengwa. Aliyesoma shule miaka hiyo anaikumbuka Songo Songo kama nukta kwenye ramani ya madini, jina la kukariri tu. Hadi leo urea anayoweka mkulima wa mahindi wa Songea au Mbozi huagizwa kutoka nje, ingawa malighafi yake kuu ni gesi hii hii.

Mnunuzi wa kwanza wa kweli alikuwa umeme. Mwaka 2004 bomba la takriban kilomita 230 lilianza kuleta gesi ya Songo Songo Dar es Salaam, kwenye mitambo ya Songas pale Ubungo na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Mradi huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na mkataba wa miaka 20 wa kuiuzia TANESCO umeme. Ulifika wakati mwafaka: ukame wa 2006 ulikausha mabwawa, nchi ikaingia kwenye mgao mkali, na mkataba wa dharura wa Richmond ukazaa kashfa iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Bila gesi ya Songo Songo giza lingekuwa zito zaidi. Kwa miaka mingi iliyofuata, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa ulitokana na gesi.

Bomba la Mtwara na mwaka 2013

Serikali iliamua kujenga bomba jingine, kubwa zaidi, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Bomba lina kipenyo cha inchi 36, na pamoja na tawi la Songo Songo lina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Lilizinduliwa Oktoba 2015.

Kabla halijakamilika, Mtwara iliwaka. Januari 2013, na tena Mei 2013 baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa bungeni, wananchi waliandamana wakisema gesi haitoki. Majengo yalichomwa, watu walipoteza maisha, jeshi likapelekwa. Nje ya mkoa wengi waliona ni uchochezi. Lakini kusini ina kumbukumbu zake. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya kivuko kwenye mto Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na masika yakikolea safari iliweza kuchukua siku kadhaa. Watu waliozoea kuona mali inapita na wao wanabaki walidai kitu kinachoeleweka: mitambo na viwanda vijengwe gesi inapotoka.

Sehemu ya dai hilo ilitimizwa. Kiwanda cha kusafisha gesi kilijengwa Madimba, Mtwara, na kiwanda cha saruji cha Dangote kimekuwa kikitumia gesi tangu 2018. Halmashauri hupata tozo ya huduma inayotokana na mauzo. Si fedha ndogo kwa halmashauri, ila ajira zake ni chache, kwa sababu mtambo wa gesi ukishajengwa huendeshwa na watu wachache wenye ujuzi maalumu.

Bomba lenyewe lina uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, na halijawahi kupitisha hata nusu ya kiasi hicho. Lilijengwa kwa matumaini ya wateja ambao hawajafika wote, na mkopo wake hulipwa hivyo hivyo.

Likong'o

Gesi ya kina kirefu ni nyingi mno kwa soko la ndani, hivyo mpango wake ni kuuzwa ng'ambo. Gesi ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri hugeuka kimiminika na ujazo wake hupungua takriban mara 600, ndipo inaweza kupakiwa melini. Kiwanda cha kufanya kazi hiyo kimepangwa kujengwa Likong'o, karibu na mji wa Lindi, na gharama ya mradi mzima imetajwa kuwa dola za Marekani bilioni 42.

Mazungumzo yamepanda na kushuka. Sheria za rasilimali za mwaka 2017 zililipa Bunge uwezo wa kupitia upya masharti ya mikataba na zikazuia migogoro kupelekwa kwenye mabaraza ya nje. Kwa wengi nchini ilikuwa ni kurejesha mamlaka ya nchi, kwa wawekezaji ilikuwa onyo. Januari 2021 Equinor ilifuta kwenye vitabu vyake thamani ya dola milioni 982 iliyokuwa imeuhesabia mradi huo. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilifufua majadiliano, na Juni 11, 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba majadiliano ya mkataba mkuu yamekamilika, kisha vipengele vikafunguliwa tena. Hadi mwisho wa 2025 mkataba huo ulikuwa haujatiwa saini. Hata ukisainiwa, hufuata miaka ya usanifu kabla ya uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, na baada yake ujenzi wa miaka mitano hivi. Anayeahidi gesi ya Likong'o kabla ya katikati ya miaka ya 2030 anahesabu haraka mno.

Wakati huo soko halisubiri. Vita vya Ukraine vya 2022 vilipandisha bei na kuwafanya wanunuzi wa Ulaya kuzunguka dunia wakitafuta gesi. Waliokuwa tayari waliuza. Marekani imekuwa muuzaji mkubwa wa kwanza wa gesi ya kimiminika tangu 2023, na Qatar inapanua uzalishaji wake kutoka tani milioni 77 kwa mwaka kuelekea milioni 142. Gesi ya Qatar ni rahisi kuitoa. Ya Lindi iko chini ya maji ya kina kirefu. Ikiwa wingi huo utashusha bei, nafasi ya serikali kudai masharti mazuri itapungua. Kwa upande mwingine, kusaini kwa haraka mkataba mbaya wa miaka 30 ni hasara inayodumu kuliko kuchelewa. Waandishi wengi huchagua upande mmoja kati ya hizo mbili kana kwamba mwingine haupo.

Ng'ambo ya mto Ruvuma

Msumbiji ina miamba ileile na ilianza kugundua gesi yake miaka ileile. Mtambo wa Coral Sul unaoelea baharini ulipakia shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Mradi mkubwa zaidi wa nchi kavu, wa TotalEnergies, wenye thamani ya dola bilioni 20, ulisimamishwa Aprili 2021 baada ya wapiganaji kuuvamia mji wa Palma mwezi uliotangulia. Majeshi ya Rwanda yaliingia Cabo Delgado Julai 2021, na kampuni iliondoa tamko la kusimamisha kazi Novemba 2025.

Kwa hiyo Msumbiji iko mbele kwa mauzo, lakini imelipa kwa damu. Chanzo cha vita hivyo kinabishaniwa, ila wachunguzi wengi hutaja vijana wasio na kazi walioona utajiri ukitangazwa jirani nao bila kuwafikia. Mpaka haukuzuia jambo hilo: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka mto.

Gesi ya mitungi si gesi ya Songo Songo

Hapa pana mkanganyiko unaohitaji maelezo. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na watu wengi hudhani mitungi inayogawiwa hujazwa gesi ya kusini. Sivyo. Mitungi hiyo ina propani na butani, ambazo huagizwa kwa meli. Gesi ya Songo Songo ni methani karibu yote. Haigeuki kimiminika kwa mgandamizo wa mtungi wa jikoni, hivyo hufika nyumbani kwa bomba tu. Nyumba zilizounganishwa Dar es Salaam, Lindi na Mtwara bado ni chache sana. Mama anayebeba mtungi Mtwara mjini ananunua gesi iliyotoka ng'ambo, huku ya kwao ikipita chini ya ardhi kwenda Dar es Salaam.

Methani hutumika pia kwenye magari ikishindiliwa katika mitungi imara. Foleni za bajaji na teksi kwenye vituo vya Dar es Salaam zinaonyesha kwamba mteja yupo na bei inamfaa, na kilichochelewa ni vituo. Mwaka 2025 TPDC ilifungua kituo kikuu katika Barabara ya Sam Nujoma.

Matumizi haya madogo yamekuwa na uzito mpya, kwa sababu mnunuzi wa zamani amebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Mvua zikiwa nzuri TANESCO haina haja ya kuchoma gesi nyingi. Mvua zikikosekana itaihitaji yote kwa mara moja. Visima na mabomba haviendeshwi kwa kufuata mawingu. Lazima mtu alipe ili viwe tayari.

Oktoba 2026

Leseni ya uzalishaji ya Songo Songo, iliyotolewa mwaka 2001 kwa miaka 25, inaisha Oktoba 2026. Kampuni inayoendesha visima iliomba iongezwe muda. Visima vyenyewe vimezeeka na shinikizo lake limeshuka, hata mwaka 2022 ikabidi kufungwa mashine za kusukuma gesi. Mkataba wa umeme wa Songas nao ulifika mwisho mwaka 2024. Mwendeshaji asiyejua kama atakuwepo mwakani hachimbi kisima kipya, na gesi isiyochimbiwa kisima hupungua yenyewe.

Mahali pa kuziba pengo ni Ntorya, mkoani Mtwara, ambapo gesi iligunduliwa mwaka 2012. ARA Petroleum ya Oman ilipata leseni ya kuiendeleza mwaka 2024, na bomba la takriban kilomita 34 limepangwa kuiunganisha na Madimba. Huko Mnazi Bay, TPDC iliongeza hisa zake hadi asilimia 40 mwaka huohuo. Miradi hii haina sherehe za dola bilioni 42, lakini bomba la kuipeleka gesi yake sokoni lipo tayari na lina nafasi. Ikiwa bomba hilo litajaa au litaendelea kuwa nusu tupu itategemea mikataba ya Songo Songo na Ntorya, na viwanda vitakavyokubali kununua gesi hata katika miaka ya mvua nyingi.